Picha Safi ya Mzee Sebi

Nyinyi mliomaliza chuo juzi, mnaobofya kitufe na picha ikatokea kabla mgonjwa hajafunga vifungo vya shati, mmeniomba niwasimulie tulivyofanya kazi ya eksirei hospitalini Arua enzi zetu. Haya. Lakini nawaonya mapema: mimi nikianza kuongea sinyamazi, na mpangilio sina. Nikiruka kutoka mwaka huu kwenda mwaka ule, nivumilieni tu, mtanikuta mbele.

Jina langu ni Candiru, ila hapa mtaani Awindiri ukiuliza jina hilo utazungushwa mtaa mzima. Uliza Mama Picha. Watoto wa jirani wanadhani nilikuwa mpiga picha wa harusi, na wengine wamewahi kuniletea kamera mbovu nitengeneze.

Kwanza niwaambie kuhusu pumzi. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Alfayo, mtu mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku moja alimsimamisha bibi mmoja wa mtaa wa Oli mbele ya mashine, akamwambia, "Vuta hewa. Shika!" Hapo hapo jenereta ikazima. Alfayo akatoka nje kwa hasira kumfokea fundi, wakabishana, wakarudishiana maneno, na umeme uliporudi akamkuta bibi bado amekumbatia ubao wa mashine, mashavu yamevimba, macho yamemtoka. Akiishiwa pumzi alikuwa akiiba kidogo puani, halafu anashika tena. Akauliza kwa sauti nyembamba, "Mwanangu, nitoe au bado?" Tangu siku ile Alfayo alitulazimisha kujua neno la "pumua" katika lugha zote zinazoingia mlangoni: Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kiswahili, hata Kilingala cha wale wa ng'ambo ya mpaka. Neno la "vuta" alisema tutajifunza baadaye.

Filamu tuliziosha wenyewe kwenye chumba cha giza, kisha tukazianika kwenye kamba nyuma ya wodi, kama nguo. Kiangazi, upepo ukipuliza vumbi, mapafu ya kila mtu yalionekana yana ugonjwa. Mbuzi nao walipenda sana zile filamu mbichi, sijui ni chumvi ya dawa au ni utundu wao tu. Mbuzi mmoja alimlamba mwalimu mmoja nyonga yote ikafutika, na ilibidi tumwite mwalimu arudi tumpige picha nyingine. Alipoambiwa sababu alicheka mpaka akasahau kuchechemea.

Halafu ikaja 1979. Vita vilipokaribia tulikimbilia Zaire, mji mzima, wenye baiskeli na wasio nayo. Huko nililala ua mmoja na dada mmoja wa Koboko, Kiden, mke wa mwanajeshi. Tulipika chungu kimoja, tulibebeana watoto. Niliporudi Arua nilikuta mashine yetu ipo, nzito mno kuibwa, lakini ile aproni nene ya kujikinga na mionzi imetoweka. Baadaye tukasikia kwamba askari mmoja aliichukua akiamini inazuia risasi. Jamani! Naomba Mungu hakuwahi kuijaribu.

Kiden ndiye atakayenipeleka kwenye habari ninayotaka hasa kuwaambia, ila nimalizie Alfayo. Alikuwa na tabia iliyowachosha madaktari. Ukimletea mgonjwa, kabla hajagusa swichi anauliza, "Unatafuta nini?" Ukijibu, "Mpige tu picha ya kifua tuone," anakunja mikono. "Tuone nini?" Hakuwa na kiburi. Alijua kila picha inaona kitu chake, na isichokiona haikisemi. Daktari mwema alikuwa anafikiri kidogo, anamjibu, na kazi inaendelea. Kwa kweli wengi wao walimshukuru.

Basi Kiden na mumewe, Mzee Sebi, walirudi Koboko miaka ya themanini ilipokuwa inaishia. Jeshi lilikwisha kumtoka, sasa akawa mfanyabiashara: sabuni, chumvi, mafuta ya taa, vitenge vya kutoka Zaire. Duka lao lilikuwa na dirisha la kioo linalotazama barabara, na Sebi alilisugua kila asubuhi kama anasubiri kukaguliwa. Alikuwa mrefu, mgongo wima, na mimi aliniita shemeji tangu siku ya kwanza, kwa vile mkewe ananiita dada. Utani wetu haukuwa na mwisho.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini akashikwa na kikohozi, akapungua mwili. Nyinyi hamkuishi wakati ule, kwa hiyo niwaeleze. Silimu, ndivyo tulivyouita ukimwi, ilikuwa imewafuta watu nyumba kwa nyumba, na mtu akikonda tu, basi, watu wameshamzika kwa midomo. Wateja walianza kupita duka la Sebi bila kugeuka. Wazazi wa kijana aliyekuwa anamchumbia binti yake Rukia wakaanza kusema mambo ya ndoa yasiharakishwe. Sebi akaja Arua kwangu amevaa suti.

"Shemeji, piga mimi picha. Watu nasema mimi iko na silimu."

Nilimweleza kwamba picha ya kifua haiwezi kusema kuhusu silimu, kwamba hiyo ni damu. Damu alikuwa ameshapimwa, akasema, na ni safi, lakini damu utawaonyeshaje watu? Nikampiga. Daktari akasoma: mapafu hayana kifua kikuu, moyo si mkubwa. Kikohozi kilikuwa cha kawaida, kikaisha kwa dawa. Na Sebi, mnajua alifanya nini? Aliibandika filamu ile kwenye kioo cha duka, mwanga wa jua ukaipitia nyuma, mbavu zake zote zikawa zinawatazama wapita njia. Mwanajeshi wa zamani, amezoea kwamba ukipita mbele ya mashine ya kifua siku ya kuandikishwa, umepita. Watu walisimama, wakatazama, wakaingia kununua sabuni. Posa ya Rukia ikarudi. Mimi mwenyewe nilifurahi, niliona kazi yangu dirishani kila nilipokwenda Koboko.

Mwaka kama mmoja ukapita. Siku moja Kiden akaja Awindiri, peke yake, akakaa jikoni kwangu hata hajavua viatu.

"Dada, mzee yangu iko na kitu. Lakini hapana sema."

"Kitu gani?"

"Nasalimia watu sana."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza. Shamba lao lilikuwa Lobule, na njia ya kwenda huko ina mwinuko mrefu wenye nyumba kando. Zamani Sebi alikuwa anaupanda kwa mwendo wa gwaride, mkono juu, "Salamu, salamu," na amekwisha kupita. Sasa anasimama mbele ya kila nyumba. Anauliza habari za mzee, za mama, za watoto, za mihogo, za mbuzi aliyezaa, za kuku. Mkono anauweka kifuani, kama heshima. Akipumzika kidogo, anaendelea mpaka nyumba inayofuata, na kuku wa huko nao wanaulizwa habari zao.

"Labda uzee unamfundisha adabu," nikasema.

"Dada, akipanda. Akishuka, hapana salimia mutu. Hata dada yake wa tumbo moja napita kama hapana ona."

Hapo kicheko kiliniishia. Nilimshika mkono, tukaenda moja kwa moja kwa Daktari Andama, kijana aliyekuwa ametoka kusomea magonjwa ya ndani, mpole, msikivu. Alimsikiliza Kiden mpaka mwisho. Akamuuliza: anasimama mahali pale pale? Akibeba mzigo, anasimama mapema zaidi? Baada ya kula je? Kiden akajibu yote, maana mke anajua. Daktari akasema, "Mama, huo ni moyo unaoomba damu. Mishipa inayoulisha inaelekea imeziba kidogo. Tukichelewa, siku moja utaomba na hautapata."

Kiden alilia. Mimi pia.

Sasa vijana, hapa ndipo mnapotakiwa kufungua masikio, maana kuchagua kipimo ndiyo kazi yenyewe. Daktari alitueleza njia zilizokuwepo wakati ule. Mashine ya kuchora mapigo ya moyo ilikuwepo hapa Arua, lakini mtu akiwa amelala ametulia moyo wake nao umetulia, mchoro unaweza kutoka mzuri na ugonjwa upo. Altrasaundi, Kampala, inaonyesha kuta za moyo na milango yake inavyofunguka. Mishipa midogo inayoulisha haionyeshi. Kuna mkanda wa kutembea, unamtembeza mtu kwa kasi huku mashine inachora, moyo unatafuta damu, na kama njia ni nyembamba mchoro unabadilika. Huo haumchomi mtu, lakini lazima atembee kwa nguvu yake yote na aseme ukweli maumivu yakija. Na mwisho kuna mrija. Nairobi. Wanaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, wanaupandisha mpaka moyoni, wanamwaga dawa ya rangi na kupiga picha inayotembea. Hapo unaona mshipa wenyewe, na mahali ulipobana.

"Basi aende kwenye mrija moja kwa moja," nikasema.

"Si kila mtu anaanzia huko," akajibu. "Mrija wenyewe una hatari, ndogo, lakini ipo. Na ile rangi unaijua wewe kuliko mimi."

Kweli nilikuwa naijua. Tuliitumia kwa picha za figo. Nimewaona waliotapika, waliowashwa mwili mzima, na figo zilizokuwa dhaifu zikachoka zaidi. Tukakubaliana aanze na mkanda. Akampa Kiden vidonge vya kuweka chini ya ulimi, akasema Sebi avibebe popote, kifua kikimbana aviweke.

Sebi alikubali mkanda kwa furaha. Kutembea! Hicho kipimo cha wanaume. Wateja aliwaambia anakwenda Kampala kuleta bidhaa. Kule, Kiden alinisimulia, alipanda kwenye mkanda akashika vyuma vya pembeni kwa mikono miwili, akajibeba. Muuguzi akamwambia aachie, akaachia, muuguzi alipogeuza kichwa akashika tena. Mwendo ulipoongezwa jasho likamtoka. "Kifua kinauma, mzee?" "Hapana." "Unaweza kuendelea?" "Mimi iko fit!" Halafu akasema goti limechoka, akashuka kabla moyo haujafika kwenye kasi waliyoitaka. Walimwandikia kwamba kipimo hakikutosha kusema ndiyo wala hapana.

Akarudi Koboko kifua mbele. "Hapana ona kitu," akawaambia nyumbani. Vile vidonge alivitia kwenye mfuko wa suti ambayo hakuivaa.

Vijana wangu, nimezeekea kwenye kazi hii, na kama mtasahau yote niliyosema, shikeni hili: kutokuona kitu si sawa na kutokuwepo kitu. Muulizeni mgonjwa alifanyaje kile kipimo, kabla hamjasoma kilichoandikwa.

Daktari Andama hakuwa na shaka: mkanda haukujibu, dalili ni zile zile, figo zimepimwa na ni nzuri; sasa ni mrija. Sebi akakataa katakata. Kiden akaniita. Nikapanda gari la mizigo mpaka Koboko, nikawakuta dukani, Sebi nyuma ya meza, Kiden na Rukia kwenye magunia ya chumvi, hawasemeshani.

"Karibu shemeji," Sebi akasema. "Wamekutuma."

"Wamenituma."

"Nairobi mimi hapana enda. Mutu akienda Nairobi, watu nasema nini? Watasema silimu imemshinda, amekwenda kujificha. Ndoa ya Rukia itakufa. Na tazama," akanyoosha mkono dirishani, "picha iko pale. Safi. Wewe mwenyewe ulipiga."

Nilisimama, nikaenda dirishani, nikabandua ile filamu. Nikaona anashtuka. Jua lilikuwa limeichubua pembeni, lakini mbavu bado zilionekana. Nikaiweka mezani mbele yake.

"Ndiyo, mimi nilipiga. Siku ile tulikuwa tunatafuta kifua kikuu. Hakikuwepo. Hiki cheupe hapa katikati ni kivuli cha moyo wako, shemeji. Kivuli tu. Ukipiga picha ya nyumba kutoka barabarani, utajua kama bomba la ndani limeziba? Hii picha haikuulizwa habari ya mishipa, na haikujibu. Usiisingizie."

"Picha iko safi," akarudia, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Hapo Kiden akasema. Hakupandisha sauti, na alimwambia yeye, si mimi.

"Baba Rukia. Ukipanda Lobule unasalimia watu. Ukishuka hapana salimia. Mimi natembea nyuma yako. Kila siku mimi naona mgongo yako. Nakusubiri umalize na kuku za watu, na naomba Mungu uendelee kusimama. Wewe naogopa watu watasema. Mimi naogopa siku moja utasalimia nyumba ya mwisho."

Rukia akaanza kulia. "Baba, kama watakataa ndoa, wakatae. Bwana mwingine nitapata. Baba mwingine sipati."

Sebi aliivuta ile filamu karibu. Mzee yule, mwanajeshi wa zamani, mgongo haujawahi kupinda, akajikunja mezani, akaweka paji la uso juu ya mbavu zake mwenyewe. "Wallahi inauma," akasema. "Inauma, Kiden. Kama mutu amekalia kifua yangu. Nilikuwa naogopa kusema, nikisema itakuwa kweli." Kiden akamwendea, akamshika kichwa, mbele yangu, mbele ya binti yao, mlango wa duka wazi na wateja wanatazama. Mteja mmoja akaweka sabuni chini polepole, akatoka.

Ndugu walichanga, wakaenda Nairobi. Nilikuwa na wasiwasi nao siku zote hizo, kazi yangu ikawa ovyo, nilipiga picha ya mkono wa kushoto badala ya kulia na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyenigutusha. Waliporudi, Kiden alinipitishia hospitalini filamu waliyopewa, filamu nyembamba iliyoviringishwa. Niliivuta kidogo, nikaiinua kwenye mwanga. Maisha yangu yote nimepiga picha za vifua, na siku ile ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza mishipa ya moyo, imejaa rangi, inakwenda kama mizizi ya mti. Mmoja ulifika mahali ukabana kabisa, uzi tu ukabaki, kisha ukaendelea. Nilimwonyesha Kiden kwa kidole. "Hapa ndipo alipokuwa anasalimia watu," nikamwambia. Akakigusa kile kidole changu.

Kule kule Nairobi walimpasua, wakachukua mshipa wa mguuni wakamtengenezea njia nyingine ya damu. Posa ya Rukia haikuvunjika. Yule kijana alikuja mwenyewe kumsaidia Sebi kushuka garini.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kuwatembelea, Sebi akasema lazima nione mihogo yake. Tukapanda njia ya Lobule watatu, mimi na Kiden nyuma. Alikuwa anatembea vizuri, si gwaride tena, lakini vizuri, mkono haupo kifuani. Akapita nyumba ya kwanza: "Salamu!" Akapita ya pili. Kiden akanibana kiwiko, machozi yamemjaa, anacheka.

Kwenye nyumba ya tatu kulikuwa na bibi mmoja mjane, anapeta mtama. Kando ya njia, chini ya ukingo wa paa lake, palikuwa na kigoda. Sebi akainua mkono, "Salamu mama!" na akawa anapita.

"Sebi!" bibi akaita. "Leo hapana kaa?"

Sebi akageuka. "Kukaa wapi, mama?"

"Kiti iko pale. Kila siku mimi naweka kwa ajili yako, wewe nasimama tu juani na kifua yako, nauliza habari ya kuku. Mutu mzima atauliza kuku kila siku?"

Sebi akatazama kigoda, akatazama ule mwinuko, nyumba kwa nyumba.

"Mama, ulijua?"

"Kilima yote ilijua. Tulikuwa nakuombea."

"Kwa nini hapana sema?"

"Ulikuwa naficha vizuri," bibi akasema. "Tuliona haya kukuharibia."

Nilidhani atacheka, maana sisi tulikuwa karibu kucheka. Hakucheka. Alirudi, akakaa kwenye kile kigoda, akavua kofia akaiweka gotini. Akauliza habari za mzee aliyekufa, za watoto walioko Sudan, za mguu unaomsumbua bibi, za kuku. Na safari hii alisikiliza majibu.